Lampu Zilizopimwa Jioni

Nakumbuka alasiri moja kule Birere, mjini Goma, mwanangu, saa ambayo balbu za vibanda huanza kugeuka njano kwa sababu kila nyumba imewasha kitu. Nimeikumbuka kwa ajili yako. Juzi kwenye simu uliniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: ununue lampu gani kwa ile ampli ya zamani ya kukuzia sauti mliyopewa studio, na kwa nini mwenzako Espoir ndiye aliyepewa ufunguo wa studio wakati wewe ulifika kabla yake. Nilicheka, na sasa nakuandikia. Maswali hayo mawili niliwahi kuyabeba pamoja mpaka Kibati, na najua uzito wake.

Mimi mjomba wako si mzee wa mkongojo. Meno yangu yote yapo. Lakini nimezunguka sana, Bukavu, Bunia, Kisangani, Kampala, na kila nilipofika nilitamani nilikotoka. Mtu akizunguka hivyo anazeeka mapema kidogo, kwa hiyo nisikilize kama unavyomsikiliza mzee.

Fundi aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Paluku, mtu wa Butembo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kibanda chake cha mbao kilisimama juu ya mawe meusi ya volkano, katikati ya wauza vitenge na wauza betri, na pikipiki zilipita karibu kiasi kwamba moshi wake uliingia mpaka kwenye redio tulizofungua. Tulikuwa vijana wawili kwake, mimi na Deo. Mimi nilifika kwanza. Nataka ulijue hilo kabla ya lolote, na ukiona bado nalisema baada ya miaka yote hii, basi umeshaanza kuelewa.

Deo alikuja baada yangu akapita mbele yangu. Alikuwa na vidole virefu na mwandiko mzuri. Wateja walimwita fundi, mimi waliniita kijana. Mama Zawadi, aliyechaji simu za watu kwenye kibanda cha jirani, alimwekea Deo kikombe cha chai bila kuombwa. Mimi nilipotaka chai niliomba. Nilimwonea wivu kwa chai. Nilimwonea wivu kwa bisibisi yake yenye mpini mwekundu, kwa jinsi alivyokunja mikono ya shati, hata kwa kikohozi chake, maana akikohoa Mzee Paluku aliinua kichwa kuuliza kama amekula.

Lakini zaidi ya yote nilimwonea wivu kwa mita. Mzee alikuwa na mita nzuri ya kupimia umeme, aliyoitunza ndani ya kitambaa, na ni Deo aliyeruhusiwa kuishika. Deo alipewa ampli za lampu. Mimi nilipewa pasi, majiko ya umeme na nyaya za ukutani za majirani.

Pengine wewe hujawahi kukaa karibu na ampli ya lampu ikiwa wazi, kwa hiyo nikueleze. Lampu kubwa za nyuma, chupa za kioo zisizo za kumulika bali za kusukuma sauti kwenye spika, hazilali kamwe. Hata mpiga gita akiwa hajagusa uzi, zinakunywa umeme kidogo kidogo. Kinywaji hicho cha kupumzikia Mzee Paluku alikiita repo. Repo ikiwa ndogo mno, sauti inakwaruza kama mtu mwenye koo kavu. Ikiwa kubwa mno, bamba la chuma lililo tumboni mwa kioo linaanza kuwaka jekundu, na hapo lampu haifi peke yake, inaweza kuondoka na transfoma. Ndani ya ampli kuna skurubu ndogo ya kuongeza na kupunguza repo hiyo. Kuizungusha ndiyo kazi yenyewe. Kijana yeyote anaweza kuizungusha, na ndiyo maana Mzee hakumwachia kijana yeyote.

Sasa kulikuwa na parokia moja kule juu Kibati ambayo kwaya yake ilikuwa na ampli ya namna hiyo, iliyoachwa na padri mmoja wa zamani aliyerudi kwao. Hawakuwa na nyingine. Sikukuu ya parokia ilikaribia, lampu zikafa, wakaileta kwetu. Mfanyabiashara mmoja alituletea kutoka Kampala boksi la lampu zilizochanganyika, na hapo, nakiri kwa uchungu, Deo alifanya kazi safi. Mimi nilivutiwa na jozi moja nene, yenye kioo cha kung'aa, iliyoingia kwenye soketi vizuri kabisa.

"Weka hizi," nilimwambia. "Ni kubwa, zitatoa sauti."

"Grand, kuingia kwa soketi haiseme kitu," alijibu. Aliniita grand, yaani kaka mkubwa, na aliitamka kama mtu anayempa mtoto pipi. "Angalia jina kwa chasi. Tunatafuta ndugu ya ile jina, hatutafute munene."

Alitafuta zenye jina lile lile lililopigwa chapa kwenye chuma cha ampli. Akazijaribu moja moja kwenye soketi moja, akalinganisha kila moja inakunywa kiasi gani, mpaka akapata mbili zinazokunywa sawasawa. Mzee akaitikia kwa kichwa, amefurahi. Mimi nikaenda kutengeneza pasi.

Alasiri ilipoelekea jioni Deo akaanza kuweka repo. Mkono wa kushoto aliuingiza nyuma ya mkanda, kama Mzee alivyotulazimisha, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Akazungusha skurubu, akasoma mita, akazungusha tena. Namba ilikuwa chini. Akaongeza. Bado chini. Akaongeza mpaka ikafika pale Mzee alipotufundisha.

Mimi nilikuwa nimekaa na jiko la umeme mapajani, naangalia ile balbu ya kibanda. Ilikuwa njano. Hiyo ilikuwa elimu yangu mimi, elimu ya mtu wa pasi: nilijua umeme wa Birere, courant kama tunavyoiita, kwa kila saa yake. Asubuhi ungeweza kuunguza shati. Jioni hata maji ya chai yalikataa kuchemka. Na nilijua kwamba Kibati hawategemei umeme wa mjini. Wana jenereta yao, groupe, mpya, kali. Lampu zilikunywa kidogo pale kwetu kwa sababu ukutani hakukuwa na cha kunywa. Deo alikuwa amezifungulia koo ili zijitosheleze kwa umeme dhaifu. Zikikutana na jenereta zingekunywa mpaka zipasuke.

"Deo," nikasema, "courant iko chini. Kule watatumia groupe. Shusha hiyo repo."

"Grand, mita iko nasema iko sawa."

"Mita iko naona ya hapa. Haione ya Kibati."

Akacheka. "Ungekuwa unaishika ungejua vile inaona."

Nikamgeukia Mzee, ambaye alikuwa anakunja kitambaa cha kufutia miwani. "Muzee, Deo amepandisha lampu mingi. Zitaungua."

Mzee hakuinua hata uso. "Tena Deo?"

Mama Zawadi akaangua kicheko kule kwenye simu zake. "Jana ilikuwa Deo ameacha chuma ya kuchomea kwa moto. Juzi ilikuwa Deo amekula sambaza, samaki ya muzee. Leo Deo ataunguza kanisa! Kakule, huyu Deo angekuwa bibi yako ya ndoa ungeshamuacha."

Wote wakacheka, hata mnunuzi wa betri ambaye hakutujua. Na Deo akasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma: "Wivu itakuuwa, grand. Kunywa maji."

Mzee alimuuliza tu, "Imefika fasi yake?" Deo akajibu, "Imefika, muzee." Ampli ikafungwa.

Siku ya sikukuu nilipanda na gari la parokia kwa kisingizio cha kubeba spika. Barabara ya Kibati unaijua, mawe meusi pande zote na mlima mbele yako umefunga njia. Nilikaa nyuma na ampli. Deo alikaa mbele na dereva, amevaa shati jeupe. Ukiniuliza nilikuwa natamani nini, sitakudanganya. Nilitamani ziungue. Halafu tulipofika nikamwona mpiga gita wa kwaya, baba mmoja mkulima mwenye vidole vyenye udongo kwenye kucha, akiifuta ile ampli kwa kitambaa cha mke wake kama anamfuta mtoto pua. Akanishika mkono akasema, "Mungu awabariki, tulifikiri imekufa kabisa." Kuanzia hapo sikujua tena natamani nini.

Misa ikaisha, ngoma zikatoka uwanjani, jenereta ikanguruma. Balbu iliyoning'inia kwenye turubai ilikuwa nyeupe hata mchana ule. Yule baba akapiga gita, na mwanangu, sauti ilikuwa nzuri. Nono, ya joto, ikapanda juu ya vigelegele bila kuvipigia kelele. Watu walimgeukia Deo, mmoja akampiga begani. Deo alisimama ametazama wachezaji, mgongo kwa ampli. Ampli ina mgongo wazi, na nyuma yake nilikuwa nimechuchumaa mimi peke yangu.

Bamba la lampu ya kulia lilikuwa kijivu. Kisha likawa kama kahawia. Kisha doa jekundu likatokea katikati, likapanuka.

Furaha niliyoipata ilikuwa tamu kuliko chakula. Nakwambia ukweli huo ili siku moja ikikujia usiidhanie ni haki. Ilikuwa furaha ya mtu anayeona nyumba ya adui ikivuja.

"Deo!" nikaita. "Kuya uone."

"Grand, hapana leo," akasema bila kugeuka.

"Deo, iko nawaka mwekundu!"

"Nimesema hapana leo!"

Lampu ya kushoto nayo ikaanza. Nikasikia harufu ya vumbi la moto. Yule baba alikuwa amefumba macho, anapiga. Nikanyoosha mkono nikazima swichi.

Gita lilikatika. Ngoma zilisita, akina mama wakabaki na midomo wazi, na yule baba akaangalia gita lake kama limemfia mkononi. Deo alifika kwa hatua ndefu, akainama kutazama. Lakini bamba likizimwa linapoa upesi, mwanangu, upesi kuliko maneno. Lampu zilikuwa kijivu, safi, kama hazijawahi kukosa kitu.

"Mwekundu iko wapi?" Deo aliuliza. "Nionyeshe, Kakule. Iko wapi?" Hakuniita grand.

"Ilikuwa hapa."

"Ilikuwa!" Akageukia watu. "Mumusikie. Ilikuwa."

Dereva akasema kwa sauti, "Huyu njo ule wa wivu. Njia yote hakumusalimia mwenzake."

Wakataka kuwasha tena. Nikaona mkono wa Deo unaelekea kwenye swichi, na nikajua kwamba wakiwasha na kuicheza mpaka jioni, kwaya ile haitakuwa na ampli kesho. Na nikajua pia kwamba nikiwaacha wawashe, kila mtu pale ataona mimi nilisema kweli. Sikufanya uamuzi wa kishujaa. Nilichomoa tu fyuzi, nikaifumba mkononi, nikasimama katikati ya watu waliotaka kunipiga. Mwanakwaya mmoja alinivuta kola. Yule mpiga gita ndiye aliyewazuia. "Mumuache," akasema, kwa uchovu zaidi kuliko wema. "Tutaimba na ngoma." Wakaimba na ngoma. Yeye akakaa pembeni na gita lake mpaka mwisho.

Asubuhi yake Mzee Paluku, ambaye Deo alikuwa ameshamsimulia yote, alitungoja kibandani, ampli ikiwa imerudishwa mezani. Aliazima jenereta ya jirani aliyeuza vinywaji baridi, akaiunganisha na ampli, akaweka spika, akaomba fyuzi. Nikampa. Akawasha, akaweka pazia la gunia mlangoni, akachuchumaa. Tukachuchumaa wote watatu. Haikuchukua muda. Doa jekundu likafunguka tumboni mwa ile lampu ya kulia, na kwenye miwani ya mzee nikaona madoa mawili madogo.

Akazima. Akaacha ampli ipoe, akapima kwa mita kuhakikisha kondensa zinazohifadhi umeme zimetoa umeme wake wote. Kisha akashusha repo mpaka chini kabisa, akawasha tena kwa jenereta, akaipandisha taratibu, akingoja lampu zipate moto kati ya mzunguko na mzunguko. Tulikaa pale muda mrefu. Lampu zilibaki kijivu.

"Deo," akasema, "ulipima lampu, haukupima ukuta."

Ni hayo tu. Deo aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka, na mzee akamgusa bega. Moyo wangu ukasema: sasa mita.

Halafu akanigeukia mimi. "Kakule, ulisema kweli. Mimi sikukusikia, na hiyo ni kosa yangu, nitaenda Kibati mimi mwenyewe kuwaomba radhi na kusema ni weye uliokoa ampli yao. Lakini sikia. Kila siku umeniletea Deo kwa meza yangu, vile mama wa sokoni analeta sombe, ile mboga ya muhogo. Sombe ya asubuhi, sombe ya jioni. Siku ile uliniletea kitu ya kweli, na mimi nikaona sombe ile ile. Neno yako uliitumia yote kwa vitu vya bure. Siku uliihitaji, haikubaki na nguvu."

Nikasema, "Lakini nilikuwa na haki, muzee."

"Ulikuwa nayo. Na ulipoona mwekundu, ulifurahi ao haukufurahi?"

Nikainamia bisibisi zangu.

Mzee akachukua mita, akaikunja kwenye kitambaa chake, akampa Deo. Mbele yangu. "Huyu amekosa, na hatasahau," akasema. "Nikikupa weye leo, utafikiri ni wivu yako njo imekupa. Ukae. Ungoje. Siku yako itafika."

Sikungoja. Nilikusanya bisibisi zangu nikaenda Bukavu, na kutoka Bukavu kwingine, na kwingine. Nimeweka repo za ampli nyingi tangu hapo, mwanangu, za makanisa na za bendi, wala sijaunguza hata moja. Deo leo ana duka lake hapo Goma, la matofali, lenye kibao kilichopakwa rangi mbili. Nikija mjini napita ng'ambo ya barabara ili nikione bila kuonekana. Nikikuambia wivu umekwisha nitakuwa nimekudanganya. Huwa nahesabu wateja wake. Mara moja alitoka nje akaniona, akaita "Grand!" kwa furaha kabisa, na mimi nikajifanya naongea kwenye simu.

Kwa hiyo hizi ndizo nasaha zangu, na nitazichanganya kama wewe ulivyoyachanganya maswali yako.

Nunua lampu za jina lile lile ambalo ampli ilitengenezewa. Lampu kuingia kwenye soketi si ruhusa ya kuitumia. Chukua jozi iliyopimwa pamoja, maana zikiwa na nguvu tofauti moja itabeba mzigo wa mwenzake mpaka iungue. Usiwashe kamwe bila spika kuunganishwa. Anza na repo ya chini, upande polepole. Chukua volti za kwenye bamba, uzizidishe kwa umeme unaopita, upate wati, na usivuke asilimia sabini ya kile ambacho lampu hiyo imeandikiwa kubeba. Pima kwanza umeme wa ukutani, na weka repo ukiwa kwenye umeme mkali kuliko wote ambao ampli hiyo itakutana nao. Mkono mmoja nyuma ya mkanda. Na hata ukichomoa waya, usiingize kidole ndani mpaka mita ikuthibitishie kwamba kondensa ni tupu, kwa sababu umeme uliolala humo unaua mtu. Kama hujafanya hivyo mbele ya fundi, mwite fundi. Mwite Deo, akiwa karibu. Nimeandika jina hilo mwenyewe, na mkono haukuanguka.

Kuhusu Espoir na ufunguo wake: sikuambii usione wivu. Mimi nimeshindwa, nitakufundishaje? Nakuambia usiupe mdomo. Akichelewa, nyamaza. Akiacha taa inawaka, izime, nyamaza. Tunza neno lako lote mpaka siku utakapoona kitu kinachoungua kweli, maana siku hiyo itakuja, na kuwa na haki peke yake hakutatosha. Na ukiambiwa ungoje, mwanangu, ngoja. Mimi sikujua kwamba mtu anaweza kukosa kitu kwa kuondoka tu.

Mungu akupe macho ya kuona kabla ya wengine, na akupe watu watakaogeuka ukiwaita. Akulinde mikono yako. Na siku mwenzako atakapokosea mbele yako, akujalie usisikie utamu.